Baada ya Mpira Kutoka: Pumzi ya Mtoto na Njia ya Rufaa Kutoka Isaka

Kauli mbili huzunguka katika wodi za watoto za Kanda ya Ziwa. Moja inasema mtoto akishawekewa mpira wa kupumulia ndiyo basi tena, mashine itammaliza. Nyingine inasema mpira ukishatolewa mtoto amepona, mama aanze kufungasha. Wazazi wanaoshika ile ya kwanza hugoma kutoa ridhaa mpaka mtoto amechoka kabisa, na akifariki kauli hupata ushahidi mpya. Wanaoshika ile ya pili huomba ruhusa mapema, na hospitali yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi haina sababu kubwa ya kubishana nao.

Hivyo akitokea mtoto aliyetolewa mpira asubuhi, kisha mchana akaanza kutoa mluzi kooni na mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, maelezo huwa tayari kabla hajafika daktari: oksijeni ilizidi, walimtoa haraka, walimchelewesha, mpira ulimchana koo. Baadhi ya maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Shida ni kwamba yote husemwa kwa pamoja, kana kwamba tatizo ni moja, na kila moja likifuatwa lenyewe linaelekeza kwenye uamuzi tofauti.

Mashine zilitangulia

Isaka ni mji wa stesheni na bandari kavu katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza na kwenye barabara ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mtoto wa hapo akizidiwa, safari yake kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Manispaa ya Kahama, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga kule Mwawaza, na hali ikiwa mbaya zaidi, Bugando jijini Mwanza. Anaweza kuwekewa mpira popote katika ngazi hizo za juu: kwa sababu ya upasuaji chini ya nusu kaputi, nimonia kali, malaria iliyopanda kichwani, majeraha ya moto, au ajali ya barabarani, ambayo katika mji wa malori si jambo la kuhadithiwa.

Zipo pia karanga. Mwaka 2011 Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 waliotolewa vitu vilivyokwama kwenye njia ya hewa au ya chakula. Wengi walikuwa watoto wa miaka miwili kushuka chini. Kwenye njia ya chakula sarafu ndizo zilizoongoza. Kwenye njia ya hewa, karanga. Mtoto anayetolewa karanga kifuani huingizwa bomba gumu la chuma lenye taa, chini ya dawa ya usingizi, na koo lake huguswa mara kadhaa kwa siku moja. Ni mgonjwa wa kutazamwa sana baadaye, hata kama chembe yenyewe ilitoka kwa dakika tatu.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni vifaa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, mitambo ya oksijeni na magari ya wagonjwa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mashine hununuliwa ndani ya mwaka mmoja wa bajeti, ilhali muuguzi anayeweza kuutofautisha mluzi wa koo na mkoromo wa makohozi huchukua miaka kupatikana, na akipatikana huhamishwa. Kadiri mipira inayoingizwa inavyoongezeka, ndivyo inavyoongezeka ile inayotolewa, na kutoa hakujapewa uzito ambao kuingiza kumepewa.

Milimita moja

Njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa takriban milimita 4. Chini kidogo ya nyuzi za sauti kuna pete ya gegedu iliyozunguka kote, isiyotanuka. Utando wa ndani ukivimba kwa milimita 1 kuzunguka pete hiyo, upana hubaki milimita 2, nafasi ya hewa hubaki robo, na ugumu wa kupitisha hewa tulivu hupanda mara 16. Mtu mzima mwenye njia ya milimita 8 akipata uvimbe uleule, ugumu hupanda mara 3 tu. Ndiyo maana baba anaweza kutolewa mpira akalalamika koo linamkwaruza, na mwanawe, kwa uvimbe uleule, akapigania pumzi.

Uvimbe hutoka wapi? Damu inayolisha utando wa koo hupita kwenye mishipa midogo yenye shinikizo dogo, karibu sentimita 25 hadi 30 za maji. Mpira mnene, au puto la hewa linaloizunguka ncha yake likijazwa kupita kiasi, ukiukandamiza utando kuzidi hapo, sehemu ile hukosa damu, huchubuka, kisha huvimba mara mkandamizo unapoondoka. Mpira ukiwa ndani, wenyewe huishikilia njia ikabaki wazi. Ukitoka, uvimbe hupata nafasi, na kwa kawaida hujionyesha ndani ya saa chache za mwanzo. Hapa ndipo jirani anaposema "walimtoa vibaya," wakati jeraha lenyewe lilianza siku mpira ulipoingia: uliingizwa kwa majaribio mengi, ulikuwa mnene, au mtoto alijirusharusha kwa kukosa dawa ya kumtuliza huku mpira ukisugua juu na chini. Watoto wadogo chini ya miaka minne, waliokuwa na mafua, waliokaa na mpira siku nyingi, na wenye hali ya Down wamo katika kundi la hatari zaidi.

Si kila anayebanwa amevimba koo

Uvimbe ndio unaosikika zaidi, kwa sababu una sauti. Ila watoto hushindwa baada ya mpira kwa njia nyingine pia.

Kwenye chumba cha upasuaji, dakika ileile mpira unapotoka, nyuzi za sauti zinaweza kujifunga ghafla kwa sababu tone la mate au damu limezigusa mtoto akiwa nusu macho, nusu usingizini. Hapo hakuna hata mluzi. Kifua kinahangaika na hewa haipiti. Tiba yake ni ya sekunde: oksijeni kwa barakoa iliyobanwa vizuri, na dawa ikibidi. Mtoto akivuta kwa nguvu dhidi ya koo lililofungwa, mapafu yanaweza kujaa maji muda mfupi baadaye, na anayetazama akadhani ni nimonia.

Mtoto mwingine koo lake ni safi, ila misuli imechoka. Mashine ilimfanyia kazi kwa siku kadhaa, lishe ikapungua, dawa za usingizi bado zimo mwilini. Huyu hapigi kelele. Huhema juujuu, kisha polepole, kisha husinzia, na mama hufurahi kwamba hatimaye mtoto amelala. Njiti naye anaweza kusahau kupumua kabisa kwa sababu ubongo wake haujakomaa; kwa hao Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linahimiza kafeini wanapotolewa mpira.

Tofauti hizi ni muhimu kwa mzazi pia. Dawa inayopunguza uvimbe haimsaidii aliyechoka, na anayesubiri kusikia mluzi ndipo aite muuguzi atawapoteza wale wasio na sauti. Katika utafiti uliohusisha wodi 16 za watoto mahututi za Marekani na kuchapishwa mwaka 2003, watoto kama 6 kati ya kila 100 walilazimika kurudishiwa mpira, na kuziba kwa njia ya juu ya hewa ndiko kulikoongoza. Huko kuna wataalamu wa kutosha na mashine za akiba. Kwa hiyo kurudishiwa mpira peke yake si alama ya uzembe.

Puto au bila puto

Hoja hii imezeeka, tuipitie haraka. Kwa miongo mingi mafundisho yalisema mtoto chini ya miaka minane asipewe mpira wenye puto, kwa hofu ya kuchubua koo. Utafiti wa mwaka 1997 ulilinganisha watoto 488 waliofanyiwa upasuaji na kukuta mluzi baada ya mpira ukiwa karibu sawa pande zote, asilimia 1.2 kwa 1.3. Mwaka 2009 vituo 24 vya Ulaya, kwa watoto 2,246, vilipata picha hiyohiyo: asilimia 4.4 kwa wenye puto, 4.7 kwa wasio nalo. Tofauti kubwa ilikuwa kwingine. Mpira usio na puto ulilazimika kubadilishwa kwa saizi nyingine katika asilimia 30.8 ya watoto, wenye puto asilimia 2.1. Kila kubadilisha ni kuingiza upya, na kila kuingiza ni mkwaruzo.

Upande wa puto umeshinda kwa ushahidi, ila una sharti lake. Ushindi huo ulipatikana kwenye vyumba vinavyopima shinikizo la puto kwa kipimo maalumu na kulishikilia chini ya sentimita 20 hivi za maji. Pale ambapo puto hujazwa kwa bomba la sindano na kubonyezwa kwa vidole kukisia, faida inaweza kugeuka. Mimi ningenunua hicho kipimo kabla ya kununua mashine ya pili.

Deksa: dawa ya wote?

Deksamethazoni ni rahisi, inapatikana, na kila mtu anaijua tangu UVIKO-19. Kwa nini basi asipewe kila mtoto kabla ya kutolewa mpira?

Wanaounga mkono wana utafiti wa mwaka 1996, watoto 66, uliokuta walioipata walipata mluzi mara chache na walirudishiwa mpira mara chache zaidi. Wanaopinga wana ule wa mwaka 1991, watoto 153, ambao haukuona tofauti. Tafiti ndogo zenye watoto wasiofanana: ukichanganya ambao wangepona hata bila dawa na wale waliokuwa hatarini, faida inayeyuka kwenye wastani. Miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 kuhusu kuwatoa watoto kwenye mashine imechukua njia ya kati: dawa itolewe kwa walio na hatari kubwa ya koo kuziba, na itolewe angalau saa 6 kabla.

Hizo saa 6 ndizo zinazopuuzwa zaidi. Sindano inayochomwa dakika kumi kabla ya kuvuta mpira humfariji mchomaji kuliko inavyomsaidia mtoto, kwa sababu dawa hii hupunguza uvimbe taratibu. Kuitoa mapema kunahitaji kujua tangu usiku kwamba kesho asubuhi mpira unatoka, yaani mpango uliokubaliwa na zamu mbili. Pia si dawa isiyo na gharama: hupandisha sukari, hupunguza kinga, na mtoto mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa hapaswi kupewa kwa mazoea. Hoja ya "ipewe wote, haidhuru" ina mvuto mahali ambapo kurudishia mpira ni kugumu. Naielewa, ila naona inageuka haraka kuwa kisingizio cha kutochagua.

Mluzi ukishaanza, adrenalini ya kuvuta kwa nebulaiza husaidia ndani ya dakika chache kwa kubana mishipa ya utando. Nguvu yake huisha baada ya saa mbili hivi na uvimbe unaweza kurudi. Kosa la hatari ni kuona mtoto ametulia baada ya nebulaiza na kumrudisha wodi ya kawaida, au kumpandisha kwenye gari la rufaa, dawa ikiwa karibu kuisha njiani.

Kuna wanaotaka hewa yenye shinikizo kupitia puani, kwa mtambo rahisi unaotoa mapovu kwenye chupa ya maji. Kwa mtoto aliyechoka misuli, inasaidia. Hata hivyo tafiti za nchi nyingine zimetupa tahadhari, ingawa ni kwa watoto wenye nimonia, si waliotolewa mpira. Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha vifo vikipungua kwa mtambo huo. Hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, mwaka 2019 matokeo yalikuwa kinyume: kati ya watoto walio hatarini zaidi, asilimia 17 walifariki kwenye mtambo na asilimia 11 kwenye oksijeni ya kawaida. Mtambo ni uleule kwa kanuni. Dhaka madaktari walikuwa karibu saa zote.

Atolewe wapi, na saa ngapi

Kwa mtoto wa Isaka, hoja ya puto na deksa ni ndogo ukilinganisha na hii. Akiwa na mpira Kahama au Shinyanga, je, atolewe hapohapo au asafirishwe nao hadi Mwanza?

Upande mmoja unasema atolewe mapema na papo hapo. Kila siku ya ziada ya mpira huongeza nimonia ya hospitalini, majeraha ya koo na dawa za usingizi. Safari yenyewe ni hatari: mpira unaweza kuchomoka barabarani, kuziba kwa makohozi, au kushuka upande mmoja wa mapafu gari linaporuka tuta, na ndani ya gari hakuna nafasi wala mwanga wa kuurudisha. Familia nayo hubaki karibu na ndugu na chakula. Hoja hii ina nguvu hasa kwa mtoto wa upasuaji mfupi aliyekaa na mpira kwa saa moja au mbili. Kumpeleka Mwanza ili atolewe mpira ni kumtafutia ajali.

Upande wa pili unauliza: akishindwa, nani atamrudishia? Kuingiza mpira mara ya pili kwenye koo lililovimba ni kugumu kuliko mara ya kwanza, kunahitaji mpira mwembamba zaidi na mikono iliyozoea watoto, na mwisho kabisa daktari wa masikio, pua na koo anayeweza kutoboa tundu shingoni. Watu hao wako Bugando. Miaka ya nyuma wagonjwa wa Geita na Sengerema walikuwa na hoja ya ziada, foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi; daraja la kilomita 3 hivi lililozinduliwa Juni 2025 limeiondoa, na kwa upande huo mizani imesogea kidogo kuelekea kusafirisha. Kwa Isaka, inayopitia Shinyanga, daraja halijabadilisha kitu.

Udhaifu wa upande huu wa pili ni kwamba rufaa zikiwa nyingi mno hujaza kitanda ambacho mtoto mwingine anakihitaji zaidi. Usafiri nao hauko sawa kwa wote. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa mapema Sengerema na wilaya za Shinyanga kabla ya kuenezwa nchini, humchukua mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga kwa simu ya bure 115. Mtoto wa miaka miwili aliyepaliwa na karanga hayumo.

Nikipima yote, naona jina la hospitali linachukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Cha kupima ni saa 24 zinazofuata. Mpira utolewe pale ambapo kuna mtu wa kumtazama mtoto mfululizo, oksijeni isiyokatika, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, nebulaiza na adrenalini, mpira wa saizi ndogo zaidi ukiwa tayari kitandani, na mtu aliyekwisha kuwaingizia watoto mpira akiwa ndani ya jengo. Hospitali ya mkoa yenye haya siku ya Jumatano asubuhi ni salama kuliko hospitali kubwa isiyo nayo usiku wa Jumapili. Kwa sababu hiyohiyo mtoto mwenye hatari kubwa asitolewe mpira jioni. Kwa aliyekaa nao siku kadhaa, aliyeingiziwa kwa shida, au aliyewahi kushindwa mara moja, asafirishwe mapema akiwa bado na mpira, akiwa ametulizwa vizuri na mtaalamu akiwa naye garini. Kumtoa kwa kujaribu bahati, kisha kumkimbiza Mwanza akiwa anabanwa, ndilo chaguo baya kuliko yote mawili, na kwa bahati mbaya ndilo linalojitokeza lenyewe pale ambapo hakuna aliyechagua.

Wiki sita baadaye, Isaka

Kuna tatizo ambalo halimo kwenye saa 24. Utando uliochubuka unaweza kupona kwa kovu, na kovu likizunguka pete ya gegedu huibana taratibu. Mtoto hutoka hospitali akiwa mzima, kisha baada ya wiki au miezi anaanza kuhema kwa sauti anapocheza, halafu anapolala. Sauti yake inakuwa ya kukwaruza. Kila mafua yanamlaza.

Zahanati anakofikishwa haijui kwamba aliwahi kuwekewa mpira. Anaitwa mwenye pumu, anapewa dawa ya pumu, haimsaidii. Anaitwa mwenye nimonia, anapewa antibiotiki mara tatu. Ishara ya kuwatenganisha ni rahisi: pumu hupiga filimbi zaidi hewa inapotoka, koo lililobanwa hupiga zaidi hewa inapoingia. Familia ikichoka na dawa, kuna anayeshauri kimeo kikatwe. Kimeo hakihusiki kabisa na pete iliyo chini ya nyuzi za sauti, na ukataji wa mitaani huleta damu na maambukizi kwenye koo ambalo tayari halina nafasi ya kuvimba.

Kovu kubwa humaanisha kupanuliwa chini ya usingizi, mara nyingine tundu shingoni kwa miezi. Mapitio ya miaka kumi ya Bugando yaliyochapishwa mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 214 waliotobolewa tundu hilo kwa sababu mbalimbali, watu wazima wakiwa wengi, kwa hiyo kazi hiyo inajulikana Mwanza. Linalokosekana ni mtoto kufika kabla hajaanza kubadilika rangi midomoni.

Hapa gharama ni ndogo kuliko popote kwenye mjadala huu. Hospitali inayomtoa mtoto mpira ingeweza kuandika mistari minne kwenye kadi yake ya kliniki: aliwekewa mpira, wa saizi gani, kwa siku ngapi, na kama alirudishiwa. Chini yake, namba ya simu ya wodi, na maneno kwamba akianza kuhema kwa sauti ndani ya miezi mitatu apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tabibu wa zamu aliyeko Msalala akiifungua kadi hiyo usiku, hatahitaji kukisia.